Marekani: Miaka ya jela hupangwa kabla jaji hajafungua mdomo

Novemba 2004, katika mahakama ya shirikisho mjini Salt Lake City, jimbo la Utah, Jaji Paul Cassell alimpiga Weldon Angelos mvua 55 na siku moja juu yake. Angelos alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushee, mtengenezaji wa muziki wa rap, baba wa watoto wadogo, na jaji mwenyewe alimtaja kuwa mkosaji wa mara ya kwanza. Aliuza bangi mara tatu, kila mara ya dola 350 hivi, kwa mtu aliyekuwa ametumwa na polisi. Mnunuzi alidai alimwona na bastola, na polisi walipopekua nyumba wakakuta silaha nyingine. Hakuna aliyetishiwa wala kupigwa risasi.

Jaji Cassell hakuwa mtu wa kuwadekeza wahalifu. Aliwahi kuwa mwendesha mashtaka, na aliteuliwa na Rais George W. Bush. Hata hivyo aliandika katika uamuzi wake kwamba adhabu hiyo si ya haki, ni ya kikatili na hata haina mantiki. Alikumbusha kwamba siku hiyohiyo alikuwa amempa karibu miaka 22 mtu aliyemuua bibi wa miaka 68. Akamwomba Rais ampunguzie Angelos kifungo. Baada ya kusema yote hayo, akamfunga miaka 55.

Mtu aliyezoea kuona hakimu akipima kosa, akisikiliza maombi ya kupunguziwa adhabu na kisha kutaja miaka anayoona inafaa, lazima ashangae. Inakuwaje jaji atoe adhabu ambayo yeye mwenyewe anaiita ya kikatili?

Jibu limo kwenye hesabu. Sheria ya shirikisho ya wakati ule ilisema anayebeba silaha akiuza dawa za kulevya apewe angalau miaka 5 kwa shitaka la kwanza la aina hiyo, na 25 kwa kila shitaka linalofuata, hata kama mashtaka yote yamo katika kesi moja. Vifungo hivyo havikuruhusiwa kutumikiwa kwa pamoja. Kimoja kikiisha ndipo kingine kinaanza. Tano, ishirini na tano, ishirini na tano. Kwa makosa mengine yote aliyotiwa nayo hatiani, jaji alitoa siku moja tu. Hiyo siku moja ndiyo sehemu pekee ya hukumu aliyokuwa na uhuru nayo.

Na hayo mashtaka matatu ya silaha nani aliyeyaweka pale? Mwendesha mashtaka. Mwanzoni upande wa mashtaka ulimwahidi Angelos miaka 15 kama angekiri kosa. Alipokataa, hati ya mashtaka ikaandikwa upya, ikanenepa. Tofauti ya miaka 40 ilitoka mezani kwa mwendesha mashtaka, na kizimbani ilifika ikiwa imeshaiva.

Hili ndilo jambo ambalo wengi wetu hulikosa tunaposoma habari za magereza ya Marekani. Tunatazama jengo, kuta, seng'enge, idadi ya wafungwa. Lakini nguvu ya kuamua nani aingie na akae muda gani kwa sehemu kubwa iko mbali na gereza, na imemponyoka jaji pia.

Mifumo mingi chini ya bendera moja

Kwanza tuweke sawa jambo moja. Marekani haina idara moja ya magereza kama tuliyoizoea huku, yenye kamishna mmoja wa nchi nzima. Kila jimbo kati ya 50 lina sheria zake za jinai, mahakama zake na magereza yake. Serikali ya shirikisho ina zake, na ndizo zinazoshughulikia makosa kama ugaidi, dawa za kulevya zinazovuka mipaka ya majimbo au utapeli wa kibenki. Halafu kuna kaunti, zaidi ya 3,000, na nyingi zina mahabusu yake chini ya sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, ambaye kwa kawaida amechaguliwa kwa kura.

Mahabusu ya kaunti na gereza la jimbo ni vitu viwili tofauti. Gerezani wapo waliohukumiwa, mara nyingi kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mahabusu wapo wenye vifungo vifupi, lakini wengi wao hawajahukumiwa chochote, wanasubiri kesi. Ukijumlisha pande zote, waliofungiwa ni karibu watu milioni 1.9. Zaidi ya milioni moja wako katika magereza ya majimbo. Ya shirikisho, ambayo ndiyo tunayoyasikia sana kwenye habari, yana watu kama laki moja na nusu hivi.

Haikuwa hivi siku zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 magereza ya majimbo na ya shirikisho yalikuwa na wafungwa kama 200,000. Kufika mwaka 2009 walikuwa milioni 1.6. Watu hawakuzaliana kwa kasi hiyo. Na uhalifu wenyewe ulianza kushuka miaka ya 1990 wakati magereza yakiendelea kujaa. Kilichobadilika ni sheria, na mikono ya wanaozitumia.

Dola, shinikizo na sahihi

Chukua mtu aliyekamatwa Jumamosi usiku akidaiwa kuiba dukani. Hakimu anamwekea dhamana ya dola 5,000. Kwetu mtu huleta wadhamini wawili, barua ya serikali ya mtaa, pengine hati ya nyumba. Katika majimbo mengi ya Marekani kinachotakiwa ni fedha taslimu. Asiye nazo huenda kwa kampuni ya dhamana, analipa asilimia kama 10, yaani dola 500, na kampuni inamdhamini. Hizo 500 hazirudi, hata kama kesi itafutwa kesho yake. Biashara ya namna hii ni adimu sana duniani. Ufilipino ndiyo nchi nyingine inayotajwa kuwa nayo. Illinois ilikuwa jimbo la kwanza kufuta dhamana ya fedha kabisa, Septemba 2023.

Asiyepata hata hizo 500 anabaki ndani. Wiki ya kwanza anafukuzwa kazi. Kodi ya nyumba inapita. Watoto wako kwa jirani. Ndipo wakili wake wa utetezi anayelipwa na serikali, ambaye ana mafaili mengi kuliko saa za siku, anamletea ujumbe kutoka upande wa mashtaka: kiri kosa leo, siku ulizokwisha kukaa zihesabiwe kuwa ndizo kifungo chako, urudi nyumbani jioni. Ukitaka kesi isikilizwe, subiri miezi.

Aliye na hatia na asiye na hatia wote wanaletewa karatasi ileile, na wote wana sababu ya kuisaini. Naona hapa ndipo mahali pa kuogofya kuliko seli yoyote.

Utaratibu huu wa makubaliano ya kukiri kosa si mgeni kwa wasomaji wengi: Kenya iliuingiza kwenye sheria mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2019. Lakini Marekani umekuwa ndio mahakama yenyewe. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilieleza mwaka 2012 kwamba asilimia 97 ya hukumu za hatia katika mahakama za shirikisho, na asilimia 94 katika za majimbo, zinatokana na watu kukiri. Ile picha ya jopo la raia, kwa kawaida 12, waliokaa pembeni wakisikiliza ushahidi ili waamue kama mshtakiwa ana hatia, ambayo Katiba ya Marekani inaiahidi kwa kila mshtakiwa wa kosa kubwa, huonekana mara chache sana.

Kwa nini watu wanakiri kwa wingi hivyo? Turudi nyuma, jimbo la Kentucky, mwaka 1973. Paul Hayes alishtakiwa kwa kughushi hundi ya dola 88 na senti 30. Adhabu ya kosa hilo ilikuwa miaka 2 hadi 10. Mwendesha mashtaka alimwambia: kiri, nitapendekeza miaka 5, ukikataa na kuisumbua mahakama kwa kesi, nitarudi nikushtaki kwa sheria ya wahalifu sugu, kwa kuwa huko nyuma ulishatiwa hatiani mara mbili. Sheria ile ilikuwa na adhabu moja tu, kifungo cha maisha. Hayes alikataa. Mwendesha mashtaka akatimiza ahadi yake, na Hayes akafungwa maisha kwa hundi ya dola 88.

Mahakama ya Juu ilisikiliza rufaa na mwaka 1978, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ikasema hakuna kosa. Maadamu mshtakiwa yuko huru kukubali au kukataa, na mwendesha mashtaka ana ushahidi wa hilo shitaka kubwa, kutishia ni sehemu ya kujadiliana. Tangu siku hiyo, kila mshtakiwa anayekaa mbele ya wakili wake anajua, au anaambiwa, kwamba kutumia haki yake ya kusikilizwa kunaweza kumgharimu miaka mingi zaidi.

Ongezea kwamba katika majimbo mengi mwendesha mashtaka wa kaunti anapigiwa kura. Ni nadra mwanasiasa kushindwa uchaguzi kwa kumfunga mtu muda mrefu mno. Aliyemwachia mtu akaenda kuua, huyo picha yake itawekwa kwenye matangazo ya mpinzani wake.

Gramu 5 na gramu 500

Nguvu hiyo ya mwendesha mashtaka ingekuwa ndogo kama sheria zisingemtengenezea silaha. Mwaka 1986, nchi ikiwa na hofu kubwa ya "crack", kokeini ya kuvuta kama moshi inayouzwa kwa vipande vidogo kama vijiwe, Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyosema anayeuza gramu 5 za kokeini hiyo apate angalau miaka 5. Muuzaji wa kokeini ya unga alitakiwa awe na gramu 500 ndipo apate kiwango hichohicho. Dawa ni ileile kiasili. Crack iliuzwa kwa bei ndogo kwenye mitaa maskini ya Wamarekani weusi. Unga ulikuwa wa wenye fedha zao. Uwiano huo wa 100 kwa 1 ulikaa miaka 24, hadi ulipopunguzwa mwaka 2010 kuwa 18 kwa 1. Haukufutwa. Hadi leo Mmarekani mweusi ana uwezekano wa karibu mara tano zaidi ya mweupe kuwa gerezani, na ingawa sheria hii si chanzo pekee, iliacha alama.

California nayo mwaka 1994 ilipitisha sheria ya makosa matatu: aliyewahi kutiwa hatiani mara mbili kwa makosa mazito, akikamatwa kwa kosa kubwa la tatu la aina yoyote, ni miaka 25 hadi maisha. Gary Ewing aliondoka dukani na fimbo tatu za gofu akiwa amezificha kwenye mguu wa suruali, kila moja ya dola 399. Alipata miaka 25 hadi maisha, na mwaka 2003 Mahakama ya Juu ikasema adhabu hiyo haivunji katazo la Katiba dhidi ya adhabu za kikatili. Wapiga kura wa California waliilegeza sheria mwaka 2012 ili kosa la tatu kwa kawaida liwe zito kama mengine.

Katika ngazi ya shirikisho kuna kitabu cha mwongozo wa adhabu, kilichoanza kutumika Novemba 1987. Ni jedwali: upande mmoja uzito wa kosa, upande wa pili historia ya mshtakiwa, na pale vinapokutana pana idadi ya miezi. Tangu 2005 jaji halazimiki kulifuata. Lakini kiwango cha chini kilichowekwa na Bunge kwa kawaida hawezi kukivuka, na ndicho kilichomfunga mikono Cassell.

Kwa watu wa Afrika Mashariki kuna kesi moja inayoonyesha upande mwingine wa mfumo huu. Ahmed Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alishtakiwa New York kwa mabomu ya Agosti 1998 kwenye balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam, yaliyoua watu 224. Novemba 2010 jopo la raia lilimwachia kwenye mashtaka zaidi ya 280 na kumkuta na hatia kwenye moja tu, la kula njama ya kuharibu majengo na mali ya Marekani. Wengi walidhani ameponea chupuchupu. Januari 2011 Jaji Lewis Kaplan alimfunga maisha. Shitaka hilo moja lilibeba miaka 20 hadi maisha, na katika Marekani shitaka moja linatosha. Zaidi ya hapo, tangu 1997 Mahakama ya Juu iliruhusu jaji, wakati wa kupanga adhabu, kuzingatia hata vitendo ambavyo jopo limemwachia mshtakiwa, mradi aridhike kwamba yaelekea alivitenda. Mwongozo wa shirikisho ulibadilishwa mwaka 2024 kuibana desturi hiyo. Siandiki haya kumtetea mtu. Familia za Nairobi na Dar es Salaam zinajua zilichopoteza. Ninachosema ni kwamba idadi ya mashtaka mtu aliyoshinda haisemi lolote kuhusu miaka atakayokaa.

Miaka inayotajwa na miaka inayokaliwa

Mtu akisikia "miaka 20" anajiuliza: atatoka lini hasa? Inategemea mlango aliopitia. Kwa makosa ya shirikisho yaliyofanyika baada ya Novemba 1987 hakuna parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti. Mwenye tabia njema hupunguziwa hadi siku 54 kwa mwaka, kwa hiyo kwa kawaida anakaa karibu asilimia 85, ingawa sheria ya 2018 imeongeza njia za kupunguza zaidi kwa wanaosoma na kujifunza kazi. Majimbo mengi bado yana bodi ya parole inayomwita mfungwa, inamuuliza maswali, inasikiliza familia ya aliyedhulumiwa, na inaweza kumkatalia mwaka baada ya mwaka. Mengine yameifuta. Na wako zaidi ya watu 50,000 wanaotumikia maisha bila haki ya kuomba parole kabisa. Ulaya kifungo cha namna hiyo ni nadra.

Tukiwa hapa niguse dhana mbili zinazorudiwa sana mitandaoni. Ya kwanza ni kwamba magereza ya Marekani yamejaa kwa sababu kampuni binafsi zinayamiliki. Kampuni hizo zipo na zinapata faida, hasa kwa kushikilia wahamiaji, lakini wafungwa wa majimbo na shirikisho walio mikononi mwao ni kama asilimia 8. Waliobaki wako kwenye majengo ya umma, yenye askari wa umma. Ya pili ni kwamba ukiwaachia wa dawa za kulevya magereza yatabaki matupu. Katika ya shirikisho wanakaribia nusu, kweli. Katika magereza ya majimbo, ambako ndiko walipo wengi, zaidi ya nusu wamefungwa kwa makosa ya kumdhuru mtu. Anayetaka kupunguza idadi ile kwa dhati atalazimika kuzungumzia urefu wa vifungo vya watu hao pia, na hayo ni mazungumzo magumu ambayo wanasiasa wengi huyakwepa.

Kazi za gerezani nazo zinastahili kutajwa. Marekebisho ya 13 ya Katiba yalikomesha utumwa mwaka 1865, isipokuwa kama adhabu ya kosa la jinai. Huko Louisiana, gereza la jimbo linaloitwa Angola limekaa kwenye ekari 18,000 za yaliyokuwa mashamba ya watumwa. Wafungwa, wengi wao weusi, bado wanapelekwa shambani kulima na kuvuna, na malipo yao ni senti chache kwa saa. Texas na Georgia kazi nyingi za gerezani hazilipwi hata senti. Colorado iliondoa kwenye katiba yake ruhusa hiyo ya utumwa kama adhabu, kwa kura ya 2018. California ilipopiga kura mwaka 2024, wananchi walikataa.

Angelos alitoka mwaka 2016, baada ya miaka kama 12, na mwaka 2020 akapewa msamaha wa Rais. Ile sheria iliyomzidishia vifungo ilirekebishwa mwaka 2018: siku hizi miaka 25 inahitaji mtu awe ameshahukumiwa kwa kosa kama hilo katika kesi ya nyuma iliyokwisha. Lakini Bunge halikuirudisha nyuma. Waliokwisha hukumiwa kwa hesabu ya zamani walibaki na miaka yao.

Kwa jamaa zetu walioko huko

Sehemu hii naiandikia hasa Wakenya, Watanzania, Wakongomani, Warundi na wengine wanaoishi Marekani kwa green card, visa au kama wakimbizi, kwa sababu kwao adhabu nzito kuliko zote huenda isitajwe kabisa mahakamani.

Tangu marekebisho ya sheria ya uhamiaji ya 1996, kosa la wizi au la kutumia nguvu lenye kifungo cha mwaka mmoja linahesabiwa katika kundi la makosa makubwa yanayomfukuzisha mtu nchini, na humfungia karibu milango yote ya kujitetea. Kifungo cha nje kinahesabika pia. Mtu anaambiwa na jaji: miezi 12, lakini naisitisha, nenda nyumbani, usirudie. Anafurahi, anaenda kazini Jumatatu. Miaka mingi baadaye anaomba uraia, au anarudi kutoka msibani Mwanza au Bukavu, na uwanja wa ndege wanamweka pembeni.

Mwaka 2010, katika kesi ya Jose Padilla, aliyekuwa ameishi Marekani miaka zaidi ya 40 na kulitumikia jeshi lake wakati wa vita vya Vietnam, Mahakama ya Juu iliamua kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia kama kukiri kosa kutamfukuzisha. Wakili wa Padilla alikuwa amemwambia asiwe na wasiwasi.

Baadhi ya majimbo yameamua kuziba tundu hilo kwa siku moja tu. Washington mwaka 2011, kisha California, na New York mwaka 2019, yalishusha adhabu ya juu ya makosa madogo kutoka siku 365 hadi 364, ili kosa dogo lisifikie mwaka unaotajwa na sheria ya uhamiaji. Katika majimbo ambayo hayajafanya hivyo, siku hiyo moja inabidi wakili aipiganie kwa mwendesha mashtaka kabla mteja hajasaini, na mteja asiye raia ana haki ya kumuuliza wazi: nikikiri hili, kwa miezi hii, uhamiaji watanihesabuje?